Bofya Hapa, Uende Wapi?

Eliye Springs pangefaa pawe mahali pa kujaribia kila tangazo la umma kabla halijarushwa mtandaoni. Si kwa ajili ya chemchemi zake wala mikoma iliyosimama kando ya Ziwa Turkana, ingawa hizo peke yake zinatosha kumbandua afisa wa mawasiliano kwenye kiyoyozi chake. Ni kwa kuwa hapa kila unapogusa kioo cha simu unalipa. Bando hununuliwa la shilingi chache, la siku moja, nalo huhesabiwa. Mtandao huja na kuondoka upendavyo. Jua la mchana hula rangi za skrini mpaka bluu na nyeusi zikafanana. Na tangazo lenyewe, likishafika kwenye grupu la WhatsApp, huwa limeandikwa hivi: "Fomu za basari zimetoka. Bofya hapa. Kwa maelezo zaidi bofya hapa. Kujua kama wadi yako imo bofya hapa."

Mzazi aliyeuza samaki asubuhi ana data ya kufungua kurasa mbili, tatu akijikaza. Anagusa "hapa" ya kwanza. Inamfungulia picha kubwa ya mgeni wa heshima akikata utepe. Anarudi, anagusa ya pili. Hii inaanza kushusha faili ambalo hakuna aliyemtajia uzito wake. Mduara unazunguka, unazunguka, kisha unakwama. Ya tatu, ile iliyohusu wadi yake, haifikii. Bando limekwisha, na siku ya mwisho ya kutuma maombi ni kesho, jambo ambalo nalo liliandikwa ndani ya lile faili lililokwama.

Kisa kama hiki kikisimuliwa, lawama huenda kwa mnara, kwa kampuni ya simu na kwa umbali. Mnara una lawama zake. Lakini hata ungesimikwa ufuoni penyewe, bado mzazi yule angekuwa anabahatisha, kwa sababu aliyeandika tangazo hakumwambia lolote kuhusu kilicho nyuma ya kila linki. Anayetoka Lodwar kwenda Eliye huiacha barabara ya Kalokol na kuingia mchangani, ambako njia za magari hugawanyika na kukutana tena. Fikiria mtu amesimika vibao vitatu pale, kila kimoja kina mshale na neno "Huku". Hakuna jina la mahali, hakuna kilomita. Angeitwa mwendawazimu, au mshirika wa wauza mafuta. Mtandaoni mtu huyo huitwa msimamizi wa tovuti na hulipwa mshahara.

Na si kwamba hakuna aliyewahi kuonya. Tim Berners-Lee alibuni wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva, ili wanafizikia waweze kutoka kwenye hati moja kwenda nyingine bila kuuliza njia. Miaka kumi baadaye, Mei 1999, shirika aliloliasisi, W3C, lilichapisha mwongozo wake wa kwanza wa kuandaa kurasa ambazo watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia. Humo mliagizwa kwamba kila linki ieleze waziwazi inakompeleka msomaji, na "bofya hapa" ilitajwa kuwa mfano wa kuepukwa. Toleo la karibuni la miongozo hiyo, la Oktoba 2023, bado linashikilia sharti hilo. Tena limewekwa katika daraja la chini kabisa, lile ambalo ukilikosa huna haki ya kusema umejaribu. Pamoja na hayo, WebAIM ya Utah, Marekani, ambayo kila mwaka hukagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja, hukuta kwamba zaidi ya asilimia 40 zina linki zisizo na neno hata moja ndani yake. Kwa hiyo hatuko peke yetu katika uzembe huu. Ila gharama yake Turkana si ile ya Utah.

Wa kwanza kulipa gharama hiyo ni asiyeona. Turkana ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako trakoma imekuwa ikiwapofusha watu kwa vizazi, ikisaidiwa na ukame, vumbi na uhaba wa maji ya kunawa uso. Wengi hudhani kwamba mtu asiyeona hana shughuli na simu ya kugusa. Anayo. Simu nyingi za Android zina programu iitwayo TalkBack inayosoma kwa sauti kila kinachoguswa, na kwenye kompyuta kuna NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, na ambayo hadi leo ni ya bure. Hapa nchini, shirika la inABLE lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009 limewafundisha kompyuta wanafunzi wasioona, likianzia Shule ya Wasioona ya Thika. Wapo vijana wanaoandika na kusoma mtandaoni kwa kasi ambayo mimi na macho yangu mawili siifikii.

Sasa, msomaji wa namna hii haanzi juu ya ukurasa akashuka hadi chini. Nani ana muda huo? Wewe mwenye kuona unaupitishia ukurasa jicho na kulitua penye kitu unachokitaka. Yeye hufanya hivyo kwa sikio: anaiambia programu iruke kutoka linki hadi linki, au kwenye NVDA anabonyeza vitufe viwili na kuletewa orodha ya linki zote za ukurasa, zikiwa zimeng'olewa kwenye sentensi zake. Orodha ya tangazo letu la basari ingemfikia hivi: hapa, hapa, hapa. Ya ukurasa wa habari wa ofisi nyingi za umma ingesema: soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi, mara kumi na mbili. Asome zaidi nini?

Kuna wanaodhani wameliepuka kosa hili kwa kubandika anwani nzima. Hao humlazimisha msikilizaji kuketi huku sauti ya mashine ikimtajia h, t, t, p, nukta mbili, mkwaju, mkwaju, kisha msururu wa tarakimu usio na mwisho. Huyo naye hakusaidiwa.

Balaa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni posta. Nazungumzia zile picha zenye nembo tatu juu, kichwa cha habari chekundu, na chini kabisa anwani ya tovuti iliyochorwa kwa herufi ndogo. Katika kaunti zetu matangazo mengi sana husambazwa hivi, kwa sababu picha hupendeza na hupita kwa urahisi kutoka grupu hadi grupu. Lakini anwani iliyo ndani ya picha haiguswi wala hainakiliwi. Mwenye macho inabidi atafute kalamu, aandike kila herufi, kisha aipige upya kwenye simu, akikosea nukta moja arudie. Asiyeona akiigusa picha hiyo, mara nyingi programu humwambia "picha", basi. Serikali imemtumia tangazo la nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu, naye amepokea neno moja. Dawa ni nyepesi hata naona haya kuiandika gazetini: tuma posta yako kama unaipenda, lakini chini yake andika maneno yale yale kama maandishi, pamoja na linki inayogusika.

Tena lugha. Kompyuta na simu siku hizi zina sauti za Kiswahili. Hata NVDA huja nayo. Lakini sauti hubadilika tu pale mtengenezaji wa ukurasa alipotia alama kwamba maneno haya ni ya Kiswahili. Asipotia, sauti ya Kiingereza huyasoma kwa matamshi yake, na "maombi ya basari" hugeuka kuwa kitu ambacho hata malaika hawakielewi. Na linki iliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri ikampeleka mtu kwenye hati ya kurasa 40 za Kiingereza, nayo ilipaswa kumwonya. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma peke yake ina watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao. Neno moja, "Kiingereza", likiongezwa ndani ya linki, lingemwezesha mtu kuamua mapema kama amtafute wa kumsomea.

Basi linki iandikwe vipi? Turudi kwenye basari. Ningeandika: "Pakua fomu ya basari ya sekondari, PDF, ukurasa mmoja, Kiswahili." Kisha: "Tazama orodha ya wadi na siku ya mwisho kwa kila wadi, ukurasa mwepesi." Na hotuba ya uzinduzi, kama ni lazima iwepo: "Soma hotuba ya uzinduzi, ina picha nyingi." Mzazi wa Eliye angeijua ya kuiacha. Msikilizaji wa TalkBack angesikia "pakua fomu", "tazama orodha", "soma hotuba", na angejua mahali pa kusimama. Siku ya mwisho yenyewe ningeiandika nje kabisa, mwanzoni mwa tangazo, kwa sababu jambo ambalo kila mtu analihitaji halifai kufichwa nyuma ya linki yoyote.

Utaona kwamba nimeanza na kitenzi kisha nikataja kitu. Neno lenye uzito lije mbele, maana anayesikiliza huruka kabla sentensi haijaisha. Linki mbili zinazokwenda mahali tofauti zisivae maneno yale yale. Aya nzima isigeuzwe kuwa linki, kwani kidole kinachotaka tu kuusogeza ukurasa kitaigusa bila kukusudia. Na linki ipigiwe mstari. Wabunifu wa Nairobi hawaupendi mstari, wanasema unachafua ukurasa, wanaitia linki rangi ya bluu hafifu na kuridhika. Wachukue simu yenye kioo kilichopasuka, wasimame saa saba mchana ufuoni Eliye, kisha waniambie bluu iko wapi. Wapo pia wasiotofautisha rangi hata kivulini. Kuhusu vitufe, mwongozo wa 2023 unataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24, ama iwe na nafasi ya kutosha kuizunguka. Kidole kilichoshinda kikivuta nyavu kitashukuru kikipata zaidi.

Nimesikia pingamizi moja la maana. Mwalimu wa kompyuta mjini Lodwar aliniambia kwamba "bofya hapa" huwasaidia wageni wa mtandao, watu ambao hawajui kwamba maneno yenye mstari hufunguka. Ana hoja. Mtu aliyeshika simu ya kugusa kwa mara ya kwanza anahitaji kuambiwa afanye nini. Lakini anachohitaji ni kitenzi, na kitenzi tunacho: pakua, fungua, sikiliza, jaza, piga. "Jaza fomu ya kuomba basari" inamwamrisha sawasawa na "bofya hapa", na juu ya hapo inamweleza anaingia wapi.

Sasa twende Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini magharibi mwa Lodwar, maana huko suala hili linaacha kuwa la bando na kuwa la wizi.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na pamoja na makazi ya Kalobeyei ina takriban watu laki tatu. Maisha ya wengi wao yananing'inia kwenye matangazo: mgao wa chakula, usajili, nafasi ya masomo, makazi katika nchi ya tatu. Mwaka 2025 yote yalitikisika kwa pamoja. Januari, Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshauza vyombo zikabaki na mabegi. Msaada ukapunguzwa, na kaya zikaanza kupangwa katika makundi ya wanaopata zaidi, wanaopata kidogo na wasiopata kabisa. Katika hali kama hiyo kila mtu anatafuta habari, na kila habari ina linki.

Tapeli anafahamu hilo. "UNHCR inasajili watu wa kwenda Kanada, nafasi ni chache, bofya hapa." "Angalia kundi lako la msaada, bofya hapa." "Ufadhili wa masomo, kila kitu kimelipwa, bofya hapa." Upande wa pili kuna fomu inayoomba jina, nambari ya usajili, nambari ya siri ya pesa kwenye simu, au "ada ndogo ya kushughulikia". Nafasi halali zipo kweli, ndiyo sababu uongo huu unauzika: ufadhili wa masomo wa DAFI kwa wakimbizi umekuwapo tangu 1992, na shirika la WUSC la Kanada limekuwa likiwachukua wanafunzi wakimbizi, wa Kakuma wakiwemo, kwa miaka mingi. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, nayo hurudia kila mara kwamba huduma zake ni za bure. Onyo hilo hubandikwa ukutani, hutangazwa redioni, hurudiwa mikutanoni.

Ninachokiona mimi ni hiki: onyo linasema "usibofye ovyo", wakati matangazo halali ya mashirika na ofisi hizo hizo za umma yameandikwa kwa namna inayomlazimu mtu abofye ovyo. Kwa miaka tumewazoesha watu kugusa neno lisilosema lolote na kutumaini mema. Tapeli hana haja ya kuiga kitu kigumu. Mtindo ameukuta tayari, ni wetu, naye anaazima tu. Kama kila tangazo halali lingesema "Soma masharti ya ufadhili wa DAFI kwenye tovuti ya UNHCR Kenya, Kiingereza", basi "nafasi ni chache, bofya hapa" lingeonekana mara moja kama mgeni asiyejua desturi za nyumba. Leo haliwezi kuonekana hivyo, kwa sababu ndugu zake ndio wanaoishi humo.

Kinga nyingine ni kumfundisha mtu kuisoma anwani, na hapo pia mwandishi ana wajibu wa kutoificha. Anwani husomwa kuanzia mkwaju wa kwanza ulio peke yake, ukirudi nyuma kuelekea kushoto. Kilicho mara tu kabla ya mkwaju huo ndicho mwenye nyumba. Anwani za serikali ya Kenya huishia kwa go.ke, na jina hilo haliuzwi kwa kila mpita njia. Tovuti ya Kaunti ya Turkana, kwa mfano, ni turkana.go.ke. Ila tapeli anaweza kuandika go.ke mwanzoni, akaweka nukta, kisha akaongeza jina lake mwenyewe, na macho yenye haraka yakaishia kwenye lile lililozoeleka. Haya hufundishwa kwa nusu saa chini ya mti, na ningependa yafundishwe katika kila shule ya Kalobeyei na kila baraza la chifu.

Lakini mtu aliyejua kusoma anwani atasoma nini ikiwa tangazo la kweli limekuja na linki fupi, zile za herufi sita au saba zilizochanganywa? Linki fupi ni barakoa. Tena ni barakoa ya kukodi. Mwisho wa jina bit.ly ni .ly, msimbo wa Libya, na mwaka 2010 wasajili wa Libya waliizima huduma nyingine ya kufupisha, vb.ly, wakisema ilikiuka maadili ya nchi yao. Google nayo ilianzisha goo.gl mwaka 2009, ikaacha kutoa linki mpya mwaka 2019, na Agosti 2025 ikaanza kuzima zile za zamani ambazo hazikuwa zikitumiwa. Kila bango, kila kijitabu kilichochapwa kikiwa na mojawapo ya hizo sasa kinaelekeza watu kwenye hewa. Hata linki ndefu hufa, bila shaka. Kituo cha Pew kiliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Lakini linki iliyoandikwa kwa maneno ikifa humwachia msomaji jina la kitu cha kutafuta: "orodha ya wadi, basari ya 2026". Linki fupi ikifa haiachi hata mifupa.

Kwa hili napenda kuwatazama watangazaji wa redio. Lodwar kuna Radio Akicha, Kakuma kuna Ata Nayeche, na kwa watu wengi wa kaunti hii redio bado ndiyo gazeti na ndiyo mtandao. Mtangazaji akipewa tangazo linalosema "bofya hapa", hawezi kulisoma. Studio haina "hapa". Inambidi ampigie simu aliyeliandika, amuulize: ni ukurasa gani, unaitwaje, mtu akiwa na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, afanye nini? Hayo ndiyo maswali ambayo yangeulizwa kabla. Anwani nzuri ni ile inayoweza kutajwa hewani mara moja na msikilizaji akaikumbuka mpaka afike penye mtandao: jina la ofisi, mkwaju, neno "basari". Zile alama za mraba za kupigwa picha, zinazochorwa siku hizi kwenye vibao vya miradi, ni sawa zikiwa nyongeza. Zikiwa peke yake zinazungumza na wenye simu za kisasa tu, na chini ya kila mojawapo panastahili kuandikwa inakokwenda.

Mwenye kabambe, kwa kweli, amehudumiwa vizuri zaidi na vitu vya zamani. Bamba Chakula, mpango wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ulioanza Kakuma mwaka 2015 wa kutuma thamani ya chakula kwenye simu, haukuhitaji mtu afungue ukurasa wowote ili ajue amepata nini. Mara nyingi ofisi hutengeneza linki pale ambapo ujumbe mfupi wenye sentensi mbili ungetosha. Onyo la upepo mkali ziwani ni mfano. Upepo wa bonde la Turkana unajulikana duniani kote kwa nguvu zake, na mvuvi anayejiandaa kutoka alfajiri hana haja ya "soma utabiri kamili hapa". Ana haja ya saa na upande.

Nikizungumza haya, jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba watu wa huku hawajazi fomu wenyewe, huenda saiba, kwenye maduka ya intaneti. Ni kweli. Lodwar ina vijana wa saiba wanaojua njia zote za eCitizen na za mikopo ya elimu, na bila wao kaunti ingekwama. Lakini mtu akishindwa kuufuata ukurasa mwenyewe, anachoacha pale saiba si shilingi tu. Anaacha nywila yake, nambari ya kitambulisho, wakati mwingine simu yenyewe iliyofunguliwa. Kutoka Eliye anaongeza nauli ya bodaboda juu ya hayo, kwenda na kurudi. Kijana wa saiba naye, akikutana na "hapa" tatu, hubahatisha kama wengine, kwa saa za mteja.

Sheria haijanyamaza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikafuata. Mwanasheria mkali atasema kwamba mkimbizi wa Kakuma si raia, na kwa maandishi ya kifungu hicho atakuwa sahihi. Lakini Kifungu cha 54, kinachosema juu ya watu wenye ulemavu, hakikutumia neno raia. Kinasema mtu. Mtu mwenye ulemavu wowote ana haki ya kufikia, kwa kadiri inayofaa, mahali pote, usafiri wa umma na habari. Msichana asiyeona aliyezaliwa Kakuma kwa wazazi kutoka Juba yumo humo ndani, kwa jina lake kamili. Kifungu cha 7 nacho kinaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili, Breli na teknolojia ambazo watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia. Mwaka 2022 Kenya ikapata hata kiwango chake cha kitaifa cha ufikivu wa teknolojia, KS 2952. Maandishi tunayo ya kutosha. Kinachokosekana ni mtu wa kukataa kupokea kazi mbovu.

Na mtu huyo yupo, yuko katika ofisi ya ununuzi. Tovuti za kaunti na za mashirika hutengenezwa kwa zabuni, na malipo ya mwisho hutolewa mtu akishatia sahihi kwamba kazi imekamilika. Napendekeza sahihi hiyo isitiwe na anayeitazama tovuti akiwa kwenye skrini kubwa yenye mtandao wa ofisi. Mkataba useme kwamba kabla ya malipo, mtumiaji wa kisoma skrini kama TalkBack au NVDA atakaa na orodha ya linki peke yake, bila ukurasa, na kueleza kila moja inakwenda wapi. Na mtu mwingine afanye vivyo hivyo kwa simu ya bei nafuu, kwa bando la siku, nje ya mji. Wote wawili walipwe kwa kazi hiyo kama wataalamu, kwa kuwa ndio wataalamu, na fedha zikatwe kwenye bajeti ya mchoraji wa posta. Wakishindwa kueleza, mkandarasi arudishiwe kazi yake. Bajeti ya kila mwaka wa fedha hujadiliwa wadini, na kikao cha kukusanya maoni ya umma kikifika wadi ya Kang'atotha, pendekezo hili linaweza kusomwa kwa sauti kwa dakika mbili, bila mtandao wowote.